Mafuta na breki kwa pamoja: nani hushinda?
Wengi huamini kwamba mguu ukikanyaga mafuta na breki kwa pamoja, injini hushinda na gari huchomoka. Si kweli. Breki nzima za gari la kawaida zina nguvu kuliko injini: gari litanguruma, litachelewa kidogo, lakini litasimama. Huko Marekani, gari la Audi 5000 lililaumiwa miaka ya 1980 kwamba linachomoka lenyewe. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 1989 ukaonyesha kuwa mara nyingi madereva walikanyaga mafuta wakidhani ni breki.

Kinachoponza kweli ni kupampu breki. Mafuta yakiwa yamekanyagwa, injini ya petroli haina mvuto wa hewa wa kutosha wa kuusaidia mguu kukanyaga breki, hivyo kila ukiachia na kukanyaga tena, pedali ya breki inazidi kuwa ngumu. Kandamiza mara moja, usiachie, weka nyutro.