Jino la ukubwani limeanza kucheza: ling'olewe au litibiwe?

Mwaka jana mama mmoja muuza samaki aliingia chumba cha matibabu, akaketi kitini, na kabla hatujamaliza kusalimiana akafungua kinywa na kulisukuma jino lake la mbele la chini kwa ncha ya ulimi. Jino likaenda, likarudi. "Unaliona hilo, daktari? Litoe tu nirudi sokoni, samaki hawanisubiri." Siku ile hakung'olewa kitu. Alitoka na barua ya kwenda kliniki ya kisukari. Maswali aliyoniuliza ndiyo ninayoulizwa na wengi, na mara nyingi huulizwa mtu akiwa ameshaamua kung'oa.

Jino la mtu mzima linalegeaje, wakati si la utotoni?

Jino la mtoto hulegea kwa sababu lile jipya linalokuja chini yake hufanya mzizi wa lile la zamani uyeyuke kidogo kidogo. La mtu mzima halina mwenzake anayesubiri chini. Likianza kucheza, ujue kinacholishikilia kimepungua au kimeumia.

Wengi hudhani jino limepigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi fupi nyingi sana zinazolining'iniza jino ndani ya shimo lake, ndiyo maana hata jino zima husogea kidogo mno, sehemu ndogo ya milimita. Sasa, ukoga ukiachwa kwenye ukingo wa fizi siku baada ya siku, hugandamana ukawa mgumu kama chokaa. Fizi huvimba, hutoa damu, kisha huachana na jino na kufanya mfuko. Humo bakteria hujificha mahali mswaki haufiki, na mwili katika kupambana nao huyeyusha mfupa wake wenyewe. Jino hubaki kama nguzo ya uzio ambayo mvua imechimba udongo wake: nguzo ni nzima, ardhi ndiyo imeondoka.

Hiyo ndiyo sababu kubwa ukubwani, ila zipo nyingine. Kuanguka au kupigwa. Usaha kwenye ncha ya mzizi wa jino lililooza. Kusaga meno usingizini. Hata jino lililozibwa likabaki juu kuliko wenzake, likawa linagongwa kila ukitafuna. Hilo likipunguzwa kimo linaweza kukaza lenyewe baada ya wiki chache. Kwa hiyo kabla ya kujibu kama ling'olewe, mimi hutaka kwanza kujua kwa nini limelegea.

Lakini haliniumi. Kama ni ugonjwa, si ningesikia maumivu?

Laiti ingekuwa hivyo. Ugonjwa wa fizi hutembea miaka mingi kimya. Dalili yake ya mapema ni damu kwenye mswaki au kwenye embe ulilong'ata, na watu huizoea. Wavuta sigara wako pabaya zaidi, kwa sababu tumbaku huificha hata hiyo damu.

Daktari anajuaje kama jino linaweza kuokolewa?

Kwa vipimo vitatu, na una haki ya kuelezwa kila kimoja kimeonyesha nini.

Kwanza hulishika jino kati ya mipini miwili ya chuma na kulisukuma. Kidole hakitoshi, kwa sababu kidole chenyewe ni laini, kinabonyea na kudanganya. Jino likisogea mbele na nyuma hadi milimita 1, hilo ni daraja la kwanza. Likizidi hapo ni daraja la pili. Likizama na kupanda ndani ya shimo lake, au likizunguka, ni daraja la tatu, na hapo mazungumzo hubadilika.

Pili, huchukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita na kukiteremsha taratibu kati ya jino na fizi, sehemu sita kuzunguka kila jino. Fizi yenye afya hukipokea milimita 1 hadi 3. Kuanzia 4 kuna tatizo, na 6 kwenda juu ni mfuko mrefu. Kipimo hiki kinakera kidogo lakini hakihitaji ganzi.

Tatu ni picha ya eksirei, inayoonyesha mfupa uliobaki. Mzizi ukiwa bado umeshikwa nusu yake, nina matumaini makubwa. Mfupa ukiwa umekwisha karibu na ncha, sina la kukudanganya.

Yule mama meno yake manne ya mbele ya chini yalikuwa yanacheza. Nyuma yake, upande wa ulimi, ukoga ulikuwa umejenga ukuta mmoja wa kahawia kutoka jino hadi jino. Pale chini ya ulimi ndipo mate yanapomwagikia, na madini yake huugandisha ukoga haraka kuliko kwingine. Picha ilionyesha matatu yana mfupa wa kutosha, la nne halina. Nikamuuliza kama huamka usiku kwenda haja ndogo. Akacheka, akasema mumewe humlalamikia kwa hilo. Tulimtoboa kidole, mashine ya kupima sukari ikasoma 14.6, juu sana.

Kisukari kinahusikaje na meno?

Sukari ikiwa juu, mwili hupungukiwa nguvu ya kupambana na bakteria wa kwenye fizi, na kidonda hukawia kupona. Fizi zenye ugonjwa nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Yanavutana pande zote mbili. Mtu mzima ambaye meno yanalegea kadhaa kwa mpigo, au fizi zinatunga majipu mara kwa mara, apime sukari hata kama anajiona mzima. Nitamshauri apime pia VVU, kwa sababu kinga ikishuka fizi zinaweza kuharibika kwa kasi ya ajabu, na matibabu yapo.

Nimesikia kusafishwa meno hospitali kunayalegeza zaidi. Ni kweli?

Swali hili limewapotezea watu meno mengi, basi acha nilijibu kwa kirefu.

Ukoga mgumu ukiwa umejaa katikati ya meno, huyabana kama kabari. Ukiuondoa, mtu huona mapengo madogo ambayo hakuyajua, meno huonekana marefu, maji baridi yanachoma, na siku za mwanzo jino linaweza kucheza kidogo zaidi. Anatoka akisema, "Wameniharibia meno." Ukweli ni kwamba mapengo yalikuwepo, yalijazwa na ule uchafu. Jino lilionekana refu kwa sababu uvimbe wa fizi umeshuka. Na kile kilichokuwa kinabana ndicho kilichokuwa kinalaza bakteria juu ya mfupa.

Mpe fizi muda. Baada ya kukwanguliwa vizuri hadi kwenye mizizi, chini ya ganzi pale mifuko ilipo mirefu, nyuzi hujishika upya na jino mara nyingi hupunguza kucheza. Tunapima tena baada ya miezi mitatu hivi. Likiwa bado linasumbua wakati wa kula, linaweza kufungwa kwenye wenzake kwa waya mwembamba na gundi ya kuzibia, ila waya bila usafi ni kazi bure.

Mfupa uliokwisha kwa kawaida haurudi wote. Tunachopigania ni uliobaki. Na inawezekana: mwaka 1978 madaktari wa meno Hirschfeld na Wasserman wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 600 wa fizi waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 22. Meno zaidi ya 2,000 yalikuwa yametiliwa shaka tangu mwanzo. Yaliyopotea katika hayo ni kama theluthi moja tu.

Nikinywa Flajil na amoksilini, halitakaza?

Dawa hizo zinaweza kutuliza jipu kwa siku chache. Ukoga mgumu haziuondoi, na ukibaki, ugonjwa unarudi. Usizinunue dukani kwa kukisia.

Ni wakati gani kung'oa ndiyo uamuzi sahihi?

Jino linapozama na kupanda kwenye shimo lake. Mzizi unapopasuka kwa urefu. Jino linapooza hadi chini ya fizi pasipobaki cha kuzibia. Jipu linaporudi tena na tena baada ya matibabu mazuri. Magego yana mizizi miwili au mitatu, na mfupa ukishaliwa pale mizizi inapoachana, kusafisha huwa kugumu. Hapo natazama pia kama mgonjwa anafikisha mswaki huko nyuma. Gego la mwisho kabisa lililolegea sitalipigania kwa nguvu ninayotumia kwa chonge, kwa sababu chonge lina mzizi mrefu na linabeba kazi kubwa.

Na pesa nazo ni sababu halali. Kung'oa hulipiwa mara moja. Kutunza jino ni safari ya kurudi kila miezi mitatu hadi sita. Mtu akiniambia hataweza kurudi, simlaumu, tunapanga kwa hali yake. Ninachoomba ni aseme mapema. Kung'oa jino la juu, kwa taarifa ya wanaoogopa, hakupofushi macho.

Nikiling'oa, si nitaweka la bandia mambo yakaisha?

Wahenga walishasema jino la pembe si dawa ya pengo. La bandia linasaidia sana, na nimewaona watu wakirudishiwa tabasamu na heshima mbele ya watu. Lakini meno ya kuvaa na kuvua yanahitaji fizi na meno mengine ya kuyashika, na skrubu ya titani inayopandikizwa kwenye taya inahitaji mfupa, huo huo ulioliwa. Zaidi ya hapo, jino moja likitoka ugonjwa haukutoka nalo. Usiposafishwa kinywa kizima, mwakani utarudi na la jirani.

Nina mimba ya miezi mitano na meno yananicheza kidogo. Ningoje nijifungue?

Usingoje kumwona daktari. Homoni za ujauzito huifanya fizi ivimbe haraka kwa uchafu mdogo, na meno yanaweza kulegea kidogo kisha yakakaza baada ya kujifungua. Mwezi wa nne hadi wa sita ndio wakati mzuri wa kusafishwa. Mtoto tumboni hanyonyi madini kwenye meno yako, hiyo ni dhana tu.

Nilianguka na bodaboda, jino limelegea. Nilivute?

Hapana, tafadhali. Jino hili ni tofauti kabisa na la ugonjwa wa fizi, mfupa wake upo. Kula laini, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Likirudishwa mahali pake na kufungwa waya kwa wiki 2, na kwa majeraha mengine wiki 4, lina nafasi nzuri ya kushika. Kama jino la ukubwani limechomoka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi wala kuusugua. Lisuuze kwa muda mfupi, lirudishe shimoni, ung'ate kitambaa safi. Ukishindwa, litie kwenye maziwa, ukimbie. Saa moja ya kwanza ndiyo ya thamani, na dakika za mwanzo kuliko zote.

Leo hii nyumbani nifanye nini?

Acha kulisukuma kwa ulimi. Usilifunge kwa uzi. Piga mswaki laini mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, na usiliruke jino linalocheza kwa kuliogopa, maana ndilo linalohitaji zaidi. Kati ya meno tumia uzi wa meno au vile viburashi vidogo. Mswaki wa mti unafaa ukifika hadi ukingo wa fizi na upande wa ndani. Sigara na ugoro viache.

Yule mama alitumia dawa za sukari, akasafishwa mara mbili, tukamng'oa lile jino moja. Matatu yangali kinywani, yamefungwa waya.

Kuna jino lililolegea ambalo halipaswi kungoja kabisa?

Lipo. Limelegea na taya lake linavimba, au mdomo wa chini umekufa ganzi bila sababu, au fizi ina kidonda kisichopona kwa wiki mbili, au meno ya upande mmoja yamelegea ghafla kwenye kinywa kisafi. Hizo zinaweza kuwa dalili za uvimbe wa taya au saratani. Kwa watoto wa ukanda huu wetu, taya linalovimba haraka na meno kulegea linaweza kuwa saratani aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Kampala mwaka 1958, na ikiwahiwa hutibika. Mtu akitaka kukung'oa jino la namna hiyo bila picha, mkatalie kwa adabu, omba barua ya rufaa, na uondoke siku hiyo hiyo kwenda hospitali inayoweza kuchukua kinyama kidogo na kukipima maabara.