Nyenje, senene na yale mabano madogo

Juzi usiku nipo Bwiru kwa shangazi, taa ya nje inawaka, wadudu kibao ukutani, akaniuliza "we si ndo umesomea hawa, senene na huyu nyenje anayetupigia kelele chini ya jiwe ni ndugu au majirani tu?"

Ni ndugu, ila wa ukoo mpana. Tukawaweka kwenye sahani. Hesabu pingili za unyayo: nyenje ana tatu, senene nne. Wote madume wanaimba kwa kusugua mabawa, ila nyenje kwa kawaida la kulia ndo linakaa juu, senene la kushoto, na masikio wote wanayo kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti (hapo shangazi aliniangalia kama nimelewa). Panzi wa shambani mwenye papasi (zile antena za kichwani) fupi yuko mbali zaidi, kwahiyo wanaosema senene ni panzi, hapana.

Yule wa kwenye jiwe alikuwa mweusi, ana madoa mawili ya njano mabawa yanapoanzia: Gryllus bimaculatus De Geer, 1773. Senene ni Ruspolia differens (Serville, 1838). Hilo jina la mtu na mwaka ni nani alimpa mdudu jina na lini. Umeona mabano? Maana yake aliyempa jina alimweka jenasi nyingine (jenasi ni kundi la spishi za karibu, ndo neno la kwanza la jina), akaja kuhamishwa. De Geer hana mabano kwasababu nyenje wake hajahama. Senene kahamahama sana, vitabu vya zamani utamkuta anaitwa Homorocoryphus.

Sasa nyenje wa msituni ndo kiboko. Unakuta wawili rangi ileile ya majani makavu, miguu ileile, hata madoa hakuna, hapo inabidi umlainishe dume kwenye dawa, utoe sehemu zake za siri uziangalie kwa hadubini, maana umbo lake kila spishi ina la kwake, na kama ulimrekodi akiimba kabla hajafa bora zaidi. Ila wengine hawaimbi kabisa! Phaeophilacris, wale wa miguu mirefu kama buibui, dume anapunga mabawa tu, jike anausikia ule upepo.

Nikageuka kuchukua simu nimrekodi nyenje, kurudi nakuta shangazi kashamnyonyoa senene mabawa na miguu, yaani vyote nilivyokuwa namhesabia vipo chini, mwenyewe yuko kikaangoni.