Mfuko wa maternite: mama anaufunga, mwingine anaufungua

Mama akishaingia chumba cha kuzalia, mfuko wake wa kwenda maternite (hospitali ya kuzalia) hubaki mikononi mwa mtu mwingine: mama mkwe, dada, au jirani aliyeamshwa saa nane ya usiku. Mkunga anachungulia mlangoni na kuomba kitambaa kikavu na kofia. Gademaladi, yaani huyo msindikizaji, anapiga magoti sakafuni na kuanza kuchokora kwa mwanga wa simu. Vitu vyote vimo. Hata kofia imo, chini kabisa, ndani ya leyeti (seti ya nguo za mtoto) mpya iliyofungwa kwa utepe. Wakati huo mtoto amelowa na anapoteza joto.

Ndiyo maana hatuanzi na orodha ya vitu. Orodha akina mama wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanazo, na nyingi ni ndefu kupita kiasi. Kinachokosekana ni mpangilio: kila kitu kikae kwa zamu yake ya kutumika, na atakayefungua mfuko awe ameufungua nyumbani angalau mara moja, taa ikiwa imezimwa. Muulize: kofia iko wapi? Koteksi (pedi) ziko wapi? Akipapasa zaidi ya nusu dakika, panga upya.

Wakati na aina ya mfuko

Mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na mtoto aliyetimiza muda huzaliwa kati ya wiki ya 37 na ya 42. Tarehe iliyoandikwa kwenye fishi (kadi) ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito, ni makadirio tu. Watoto wachache sana huzaliwa siku hiyohiyo. Mfuko uwe tayari wiki ya 34. Mwenye mapacha, au aliyewahi kuzaa kabla ya wakati, aufunge wiki ya 30. Anayeishi kisiwani Idjwi au ndani huko Kabare azungumze mapema na wahudumu wa CPN kuhusu mahali pa kulala karibu na hospitali, maana uchungu ukianza usiku si rahisi kupata boti.

Mvua pia ihesabiwe. Kuanzia Septemba hadi Mei nguo zilizofuliwa zinaweza kukaa kwenye kamba siku mbili au tatu bila kukauka vizuri. Anayengoja uchungu uanze ndipo afue atafika na vitambaa vyenye unyevu, na kitambaa chenye unyevu hakimfai mtoto mchanga.

Valizi ya magurudumu iache nyumbani. Moto (pikipiki) haiwezi kuibeba pamoja na mama na msindikizaji wake, na kwenye ngazi za udongo za mtaa wa Kadutu magurudumu hayasaidii kitu. Chukua mfuko wa kubeba mgongoni au begani, na vitu vya ndani vitie kwenye sashe (mifuko ya plastiki) ili mvua isivifikie.

Sehemu ni tatu: sakoshi (kimkoba cha kuvaa), sashe ya chumba cha kuzalia, na mfuko mkubwa wa wodini.

Sakoshi

Hii haiingii ndani ya mfuko mkubwa. Gademaladi anaivaa mwilini na haivui hata anapolala. Ndani yake weka fishi ya CPN, majibu ya maabara (kundi la damu pamoja na alama ya resus, hemoglobini, kipimo cha VVU), karatasi za ekografia (ultrasound), kadi ya uchaguzi au kitambulisho kingine, kadi ya mutualite (bima ya kuchangiana) ya afya kwa aliye nayo, na karatasi ya rufaa kama umetumwa kutoka kituo kingine. Mkunga wa zamu ya usiku hakujui. Fishi ndiyo inayomwambia kwamba uliwahi kupasuliwa, kwamba presha ilipanda mwezi uliopita, kwamba damu yako ni resus hasi. Bila fishi anaanza kubahatisha.

Pesa zigawe. Faranga za noti ndogo ni za moto, maji na duka la dawa. Kama unaweka dola, zikague moja moja mchana: noti yenye mpasuko mdogo pembeni, ambayo kwingine isingemshughulisha mtu, hapa kwetu hukataliwa, na usiku hutapata wa kukubadilishia. Usitegemee pesa za simu peke yake, kwa sababu mtandao hukatika. Uliza gharama kwenye CPN, na uliza pia maternite inatoa nini na wewe unatakiwa kuleta nini. Baadhi huomba glavu, pamba na klampi (kibanio) ya kitovu. Nyingine zinavyo tayari. Kununua mara mbili ni hasara, na kukosa ni hatari.

Andika pia namba tatu za simu kwenye karatasi. Simu huzimika.

Sashe ya chumba cha kuzalia

Hapa ndipo penye uzito wote. Tumia sashe inayoonyesha vilivyomo, ikae juu kabisa ya mfuko, na isizidi vitu hivi: vikwembe (vitenge) vitatu, kofia mbili za mtoto, soksi jozi moja, koteksi nne kubwa, chupi moja, na kipande cha mpira wa kutandika chenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Ongeza glavu na klampi kama umeambiwa ulete.

Vikwembe vitatu vina kazi tatu. Cha kwanza kinamkausha mtoto mara tu anapotoka, kisha kinawekwa kando kwa sababu kimelowa. Cha pili, kikavu, kinamfunika akiwa amelala ngozi kwa ngozi juu ya kifua cha mama. Cha tatu kinatandikwa chini ya mama baada ya kondo kutoka. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kitambaa kimoja kufanya kazi zote: mtoto anakaushwa, halafu anafungwa humo humo kwenye maji. Maji yanayokauka juu ya ngozi huondoka na joto. Mtoto mchanga anatakiwa kuwa na nyuzi 36.5 hadi 37.5, na Bukavu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, kwa hiyo usiku ni wa baridi hata kama mchana ulikuwa na jua. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, ndiyo sababu ya kofia. Mbili, kwa kuwa ya kwanza hulowa.

Sasa, kikwembe gani? Watu huleta kipya, ili kumpa mtoto heshima. Heshima tunaielewa, lakini kikwembe cha dukani kimepakwa wanga ili kisimame na kung'aa, na kikiwa hivyo hakisharabu maji vizuri; kinasukuma tu unyevu kutoka mgongoni kwenda tumboni. Leta cha zamani, laini, kilichofuliwa mara nyingi, kikaanikwa juani na kupigwa pasi pande zote mbili. Kile cha kutandikwa chini ya mama kiwe cha rangi nyepesi. Maua meusi na ya zambarau huficha damu, na kiasi cha damu baada ya kuzaa ni jambo ambalo mkunga anataka kuliona kwa macho yake. Vikwembe vizuri vibaki vya siku ya kutoka.

Koteksi ziwe kubwa na nene. Pamba haiingizwi ndani ya uke hata kidogo: inaficha damu na kubeba vijidudu. Koteksi moja ikilowa chapachapa chini ya saa moja, mwite mkunga. Mbili zikilowa ndani ya nusu saa, gademaladi apige kelele, asione haya.

Mfuko wa wodini

Baada ya kuzaa kwa njia ya kawaida bila tatizo, mama na mtoto hukaa chini ya uangalizi saa 24 angalau. Pakia vya siku mbili, si vya mwezi.

Kwa mama: bubu (magauni mapana) mbili au blauzi zenye vifungo mbele, zenye mikono mipana ili mkanda wa kupimia presha na serumu (dripu) viweze kuingia; chupi nne za pamba; paketi mbili za koteksi; vikwembe vingine vitatu; sandali za plastiki; taulo, sabuni, mswaki, karatasi za choo; sweta au shuka la baridi. Beseni moja na bidoni (dumu) ya lita 5 au 10, kwa sababu maji ya bomba hayana ahadi. Beseni ni la mama na la kufulia. Mtoto haogeshwi siku ya kwanza. Tunangoja saa 24, asipoe.

Kwa mtoto: nguo tatu za kufunika mwili mzima, kofia nyingine, blanketi moja jepesi la kumfunga, na pampasi kumi za namba ndogo au langi (nepi) nane za kitambaa. Kumi zinatosha. Siku ya kwanza mtoto hukojoa mara moja au mbili tu, na choo chake cha kwanza ni cheusi, kinanata kama lami, si ugonjwa. Nguo zote mpya zifuliwe kwanza. Poda na marashi ya mtoto ziache dukani: poda huingia mapafuni, na marashi huichubua ngozi yake.

Hospitali zetu nyingi hazipikii wagonjwa, kwa hiyo gademaladi anahitaji mpango wa chakula na si sahani tu. Termosi ya chai yenye sukari au uji, mkate, ndizi, vikombe viwili, kijiko, na chupa mbili za maji ya kunywa. Mama ambaye uchungu wake unaenda vizuri anaweza kunywa na kula kidogo kidogo. Tumbo tupu kwa saa kumi na mbili humwishia nguvu wakati wa kusukuma. Muulizeni mkunga kwanza, kwani ikionekana kuna uwezekano wa upasuaji chakula husimamishwa. Gademaladi abebe pia mkeka na blanketi lake, tochi, chaja, na betri ya akiba kwa aliye nayo.

Vinavyofichwa chini ya mfuko

Hili tunalisema wazi. Katika mifuko mingi kuna kichupa au majani ya kuharakisha uchungu, yaliyotoka kwa shangazi anayempenda mama kwa dhati. Dawa hizo zinaweza kulifanya tumbo lijikaze bila kupumzika. Kati ya mkazo na mkazo ndipo mtoto anapopata hewa. Mapumziko yakikosekana, anakosa hewa, na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, hasa kwa aliyewahi kupasuliwa. Kama umeshakunywa, mwambie mkunga. Kugombezwa ni afadhali kuliko hatari utakayoiingia akikuongezea dawa nyingine bila kujua. Vilevile usinunue oksitosini (sindano ya kukaza mfuko wa uzazi) dukani kama akiba: inahitaji kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na iliyolala kwenye mfuko inaweza kuwa maji matupu siku inapohitajika.

Kopo la maziwa na chuchu ya chupa visiwemo. Dang'a, yale maziwa mazito ya njano, hutoka kidogo kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo. Aanze kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Wembe wa kujinyolea pia haufai, kwani mikwaruzo yake ni mlango wa vijidudu. Kwenye kitovu hakupakwi majivu, wala siagi, wala dawa ya meno. Kama maternite imekupa jeli ya klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), ni ya kitovu peke yake: iweke kwenye sashe yake, mbali na dawa ya macho, kwa kuwa tyubu zinafanana na jeli hiyo ikiingia jichoni huleta madhara makubwa, hata upofu.

Pete, hereni na rangi ya kucha viondolewe nyumbani. Mkunga na daktari wa usingizi husoma rangi ya kucha. Na nywele: misuko mikubwa ya kulala chini, isiyo na fundo kisogoni, vinginevyo utalala saa kumi ukiwa umekunja shingo.

Ikiwa ni upasuaji

Ongeza siku tatu hadi nne za nguo na chakula. Chupi ziwe pana, zinazopanda hadi juu ya kitovu, ili mpira wake usisugue kidonda. Watu wawili wa familia walio tayari kutoa damu wajulikane kabla, na simu zao ziwe wazi usiku.

Siku yenyewe

Maji yakipasuka, vaa koteksi na uangalie rangi. Yakiwa ya kijani, toka mara moja. Vivyo hivyo kwa damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, au mtoto aliyeacha kucheza tumboni. Hapo mfuko hausubiriwi: chukua sakoshi, uende, vingine vitafuata na moto ya pili.

Kabla ya kurudi nyumbani, hakikisha mtoto amepewa BCG (chanjo ya kifua kikuu) na matone ya polio ya kuzaliwa, au umeandikiwa siku ya kuja kuzipata. Kisha chukua karatasi ya kuzaliwa inayotolewa na maternite. Kwa ajili yake weka mapema ndani ya sakoshi kipande kimoja zaidi: majina kamili ya baba na mama kwa herufi kubwa, kama yalivyo kwenye vitambulisho, na jina la mtoto kama limeshapatikana. Mwandikaji aliyechoka huandika anachosikia. Kwa karatasi hiyo mtoto huandikishwa bure kwenye ofisi ya hali ya raia ndani ya siku 90. Zikipita, njia inayobaki ni hukumu ya mahakama, na hiyo ina gharama. Soma kila herufi ukiwa bado mbele ya dirisha.