Hedifoni ya bei nafuu kwa safari ndefu: maswali na majibu kuhusu masikio yako

Mimi husikiliza kwa sauti ya wastani tu. Safari ya saa kumi itanidhuru vipi?

Safarini sauti ya wastani haidumu. Ndani ya ndege, ngurumo ya injini hufika desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 80 hadi 85, na vyombo vingine vya usafiri navyo vina kelele zake. Ili wimbo usikike juu ya kelele hiyo, kidole kinapandisha sauti kidogo kidogo bila mwenyewe kutambua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo unakatika nusu: kwa desibeli 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10, kwa 89 ni saa 5 tu. Safari moja inaweza kula mgawo wa wiki nzima na kuupita. Tena seli za sikio la ndani, zile zenye vinyweleo vinavyonasa mtikisiko wa sauti, zikishakufa hazioti nyingine.

Basi ninunue ipi, na mfuko wangu ni mdogo?

Nunua inayoziba. Ukipunguza kelele ya nje, hutahitaji kupandisha sauti, na hilo ndilo la maana kuliko ubora wowote wa muziki. Kwa pesa kidogo, naona iafoni za kutia sikioni zenye ncha za mpira au sponji zinakufaa kuliko hedifoni kubwa za bei hiyohiyo.

Mara nyingi kwenye boksi huja ncha za saizi tatu. Wengi hutumia zilizokuja zimevishwa na nyingine wakazisahau humo humo. Zijaribu zote, kwani hata sikio la kulia na la kushoto huweza kutaka saizi tofauti. Cheza wimbo, kisha sukuma iafoni ndani kidogo kwa kidole: besi ikijaa ghafla, ujue ilikuwa haijaziba. Ncha ya sponji ina namna yake. Ifinye kwa vidole mpaka iwe nyembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, itie, kisha ishikilie mpaka sponji itanuke.

Zile zinazofuta kelele zina faida kweli?

Zinayo. Maikrofoni zake hunasa ngurumo ya nje, kifaa kikatoa wimbi lililo kinyume chake, na mawili hayo yakauana. Hufanya vizuri kwa mngurumo mzito usiokatika, kama wa injini. Mtoto anayelia kiti cha nyuma utaendelea kumsikia. Soma boksi kwa makini: ANC ndiyo teknolojia yenyewe, ilhali ENC inahusu tu maikrofoni ya kupigia simu, ili unayeongea naye akusikie vizuri. Wauzaji huzichanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa kusudi.

Mbona masikio huniuma baada ya saa moja tu?

Huenda hedifoni yako inakalia sikio badala ya kulizunguka. Gegedu ya sikio haipendi kukandamizwa. Tafuta yenye vikombe vinavyolimeza sikio zima, na vyenye kina cha kutosha ili sikio lisiguse bamba la ndani. Uzito usipite sana gramu 250. Kama unavaa miwani, ijaribu ukiwa nayo, maana mkono wa miwani huacha upenyo wa kelele na hubanwa kwenye fuvu. Na usiivae dukani kwa dakika moja ukaridhika. Kaa nayo angalau dakika kumi.

Naweza kulala nazo?

Unaweza, ila shusha sauti kwanza na uweke kipima muda kizime muziki. Ndege ikianza kushuka, amka na utoe iafoni zinazoziba. Aliyelala hamezi mate mara kwa mara, na kumeza ndiko kunakofungua mrija unaosawazisha hewa nyuma ya kiwambo cha sikio.

Za bluetooth zinaunguza ubongo?

Hapana. Nguvu ya mawimbi yake ni ndogo kuliko ya simu unayobandika sikioni. Za waya nazo zina uzuri wake: haziishiwi chaji katikati ya safari.

Usafi je?

Futa ncha kwa kitambaa safi, uziache zikauke. Usiazimane. Iafoni husukuma nta ndani, na jasho likikwama sikioni linakaribisha maambukizi, kwa hiyo zitoe mara kwa mara sikio lipate hewa.

Nimeshuka na masikio yanavuma. Nifanyeje?

Yapumzishe mahali patulivu, bila hedifoni. Mlio ukiisha ndani ya siku moja, chukulia umeonywa na safari ya kurudi ushushe sauti. Ukizidi siku mbili tatu, muone mtaalamu wa masikio. Sikio moja likipoteza usikivu ghafla, hata kama haliumi, usijiambie ni nta tu. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani matibabu ya hali hiyo hufaa zaidi yakianza mapema.