Mtaalamu wa visukuku si mfukua dinosaria tu

Wengi hudhani mtaalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika miambani, hushinda jangwani akifukua mifupa ya dinosaria. Wapo wa hivyo, na ndio wanaopendwa na kamera. Lakini Jack Sepkoski wa Chuo Kikuu cha Chicago alijijengea jina maktabani: alipekua machapisho akiorodhesha familia (makundi ya jamii zinazohusiana) za wanyama wa baharini, kila moja ilipoanza kuonekana miambani na ilipotoweka. Mwaka 1982, yeye na mtaalamu mwenzake David Raup walichambua takwimu hizo, maangamizi makubwa matano, yaani nyakati ambapo aina nyingi za viumbe zilitoweka kwa pamoja, yakajitokeza. Kwa nini baharini? Makombe ya chaza na konokono hufunikwa na matope, yakahifadhika kwa wingi. Mifupa ya dinosaria haitoshi kwa hesabu hiyo. Tena, angamizo baya kuliko yote, la miaka milioni 252 iliyopita, liliwatangulia dinosaria wenyewe.