Tule samaki mara ngapi kwa wiki?

Nasikia samaki ni mara mbili kwa wiki. Sisi wa pwani tunamla karibu kila siku. Tunakosea?

Hamkosei. Hizo mara mbili ni kiwango cha chini, kilichowekwa huko Uingereza na Marekani ambako wengi humaliza wiki bila kumgusa samaki. Waingereza huhesabu mlo mmoja kuwa gramu 140 za samaki aliyekwisha kupikwa, yaani kipande cha kutosha kiganja, na katika hiyo milo miwili mmoja uwe wa samaki wa mafuta kama vibua. Anayekula tasi au changu siku tano, mimi ningemuuliza habari za mafuta anayokaangia tu. Anayekula papa siku tano, hapo tukae tuongee.

Papa ana nini?

Zebaki, madini yenye sumu. Huingia baharini kutokana na makaa ya mawe yanayochomwa, migodi ya dhahabu, hata volkano. Dagaa humeza chembe, vibua hula dagaa wengi, jodari hula vibua, na papa, mwenye umri mrefu, hula wote hao. Mzigo wote unamwishia yeye. Tena zebaki imo ndani ya mnofu wenyewe: ukimroweka ng'onda, yaani samaki mkavu, usiku kucha, kinachotoka ni chumvi.

Nina mimba ya miezi mitano, na mama mkwe huniletea papa mkavu wa nazi kila Ijumaa. Nimwambie nini?

Mwambie kwa adabu zote kwamba mjukuu wake anaomba changu. Zebaki hupita kwenye kondo na kufika kwenye ubongo wa mtoto unaojengwa. Papa, nduaro na jodari wa macho makubwa waache mpaka umalize kunyonyesha. Hao uliokwisha kula wasikukoseshe usingizi. Zebaki hudhuru kwa kurundikana, na mwili huipunguza taratibu. Ila usiache samaki kabisa! Wamarekani humshauri mjamzito ale gramu 227 hadi 340 kwa wiki, za samaki wenye zebaki kidogo. Dagaa hapo ni wazuri mno, kwa kuwa unawala na mifupa yao.

Na pweza na kamba?

Zebaki yao ni ndogo. Mwenye jongo (gauti) apunguze kamba, dagaa na vibua. Sifa nyingine za supu ya pweza waulizwe wauzaji wa Forodhani kule Unguja, wao ndio wanaozijua.

Kuna wa kutoliwa hata kidogo?

Bunju, yule samaki anayejivimbisha, na kasa. Machi 2024, Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula kasa; sumu yake haiondoki kwa moto. Jodari au vibua aliyeshinda juani naye ana sumu isiyosikia moto. Ukionja ulimi ukawasha, na pilipili hukutia, mteme.