Umefuta faili, lakini SSD haina habari

Je, wajua kwamba faili ulilolifuta linaweza kukaa miezi ndani ya SSD, diski ya kompyuta iliyojengwa kwa chipu za memori, nayo diski ikiendelea kulitunza kama mali iliyo hai?

Kwa miaka nilikuwa na jibu lisilo sahihi kuhusu kwa nini SSD hupungua kasi. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi katika duka dogo mtaa wa Langoni, Lamu. Kompyuta yetu kuukuu tuliibadilishia diski, tukaweka SSD, na mwanzoni ilikuwa nyepesi ajabu. Baada ya misimu miwili ya harusi, kunakili video moja kukawa shughuli ya asubuhi nzima. Nafasi ilikuwepo, kwa sababu kila kazi tuliyoikabidhi tuliifuta. Dawa niliyoijua ni difragi, ile programu inayokusanya vipande vya faili vilivyotawanyika. Nikaiendesha kila wiki. Haikufaa kitu.

Difragi ni dawa ya ugonjwa mwingine. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na kichwa cha kusomea. Sahani ya mizunguko 5,400 kwa dakika huchukua takriban milisekunde 11 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo faili la vipande mia hukilazimisha kichwa kuruka na kungoja mara mia. SSD haina sahani wala kichwa. Kipande kilicho mwanzo na kilicho mwisho husomwa kwa muda uleule, sehemu ndogo tu ya milisekunde. Tena anwani unayoiona wewe si mahali halisi: ndani ya SSD kuna kidhibiti chenye daftari lake, ambacho huhamisha data bila kuuambia mfumo endeshi (Windows au Linux, kwa mfano). Unapopanga vipande, unapanga majina ya mahali. Data yenyewe hukaa kidhibiti kinakotaka. Na kila uhamisho ni kuandika upya, ilhali seli, vijumba vya kuhifadhia data, zile za kawaida za biti tatu, huvumilia kufutwa mara elfu chache tu. Kila wiki nilikuwa naila diski niliyodhani naitibu. Nalisisitiza hili kwa sababu wateja bado huja dukani na ushauri huohuo. Kweli, faili likiwa na vipande maelfu kwa maelfu, mfumo endeshi hupata kazi ya ziada ya kuvifuatilia, na Windows yenyewe huvipunguza mara chache. Lakini uzito wetu haukutoka huko.

Ulitoka kwenye namna memori ya flashi, ndizo chipu za SSD, inavyofutwa. Fikiria ubao wa chuoni, ule wa kuandikiwa aya kwa wino na kuoshwa mwanafunzi akishahifadhi. Uwekee masharti mawili. Mstari mtupu unaandikwa wakati wowote. Mstari ulioandikwa haufutiki peke yake: ubao wote uingie majini. Mstari ndio ukurasa wa flashi, wa kilobaiti 4, 8 au 16. Ubao ndio bloku, yenye kurasa mia na zaidi.

Sasa chukua ubao wa mistari 128, ambapo 100 haina kazi tena na 28 bado inasomwa. Anayeosha mbao, yaani kidhibiti, hunakili ile 28 kwenye ubao mkavu, kisha huosha. Amepata nafasi ya mistari 100. Vizuri sana, ila mwosha mbao hajui kusoma. Haoni aya, haoni faili, haijui harusi ya nani. Ajuaye ni mwalimu, yaani mfumo endeshi, na mwalimu akifuta faili hukata jina katika orodha yake tu, bila kumwambia mtu. Kwa diski ya sahani hilo halikudhuru, maana data mpya huandikwa juu ya ya zamani. Kwa SSD, mwosha hubeba mistari yote 128 akiiona hai: anaosha ubao mmoja kwa kuujaza mwingine. Mbao kavu zikiisha, video mpya husimama foleni.

Amri iitwayo TRIM ni mwalimu kumtajia mwosha mistari iliyokwisha kazi. Windows 7 ilikuja nayo 2009, Linux toleo la 2.6.33 mwaka 2010. Linux nyingi huituma mara moja kwa wiki. Na hapa pana jambo linalonivutia kila nikilikumbuka: tangu Windows 8, palepale pa difragi, kompyuta ikitambua kwamba diski ni SSD, hutuma TRIM.

Yetu ilikuwa na mfumo endeshi wa zamani usiojua kusema. Tulipoweka mpya na kufomati, diski ileile ilirudi wepesi wake. Si kila uzito una asili hiyo: SSD nyingi za bei nafuu hupokea data haraka mwanzoni kwa sehemu ndogo ya akiba, kisha hupungua kasi ikijaa. Na baadhi ya makasha ya USB ya kuwekea diski nje ya kompyuta hayapitishi TRIM kabisa. Kwenye Windows, andika `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`; jibu likiwa 0, mfumo unatuma.

TRIM ikishapita, faili lililofutwa kwa kawaida halirudi, hata kwa programu za kuokoa data zilizotufaa enzi za sahani. Kwa hiyo siku hizi sifuti harusi ya mtu mpaka aliyeichukua afungue nakala yake mbele yangu na kuitazama hadi mwisho.